Usiku wa Nne: Umeme Mdogo wa Jua Zahanati na Nyumbani

Saa nane usiku mama anafikishwa zahanati kwa pikipiki kutoka kitongoji kilicho mbali na barabara ya lami. Uchungu umekolea. Muuguzi mkunga anabonyeza swichi ya chumba cha kujifungulia. Taa inawaka kwa muda mfupi, kisha inazimika. Juu ya paa paneli ipo, haijaibwa. Betri ipo, haijapasuka. Mchana jua lilikuwa kali, kama ilivyo kawaida ya Kahama wakati wa kiangazi. Kilichokosekana ni hesabu.

Tukio hili tumelitunga liwe mfano, ila wahudumu wengi wa zahanati za vijijini watalitambua. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa sola yenyewe: kwamba ni umeme dhaifu, usioaminika. Makala hii inashika msimamo tofauti. Umeme mdogo wa jua unaaminika iwapo utatumiwa kama tunavyotumia dawa, yaani kwa dozi inayojulikana na kwa mgonjwa aliyekusudiwa. Unaotuangusha ni ule tuliouacha kila mtu auchote bila mpango.

Kwa nini taa moja ni jambo la uhai

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake iliyotolewa Januari 2023 ilikadiria kuwa watu karibu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini hutegemea vituo vya afya ambavyo ama havina umeme kabisa au vina umeme usio wa uhakika. Idadi hiyo ni kubwa, lakini maana yake huonekana vizuri zaidi ndani ya chumba kimoja.

Mama akitokwa na damu baada ya kujifungua, mkunga hupaswa kuona kiasi cha damu iliyotoka. Mililita 500 ni sawa na chupa ndogo ya maji, na mwangaza wa kibatari haumwezeshi mtu kukadiria kiasi hicho kwenye kitenge cheusi. Mchaniko wa njia ya uzazi hauwezi kushonwa kwa kupapasa. Mtoto asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika moja ya kwanza. Mkunga anapaswa kuona rangi ya ngozi yake, kuona kifua kikipanda na kushuka, na kuwa na mikono yote miwili huru. Tochi ya simu iliyobanwa kwa meno haitoshi kwa kazi hiyo.

Daktari wa uzazi wa Marekani, Laura Stachel, alipokwenda kaskazini mwa Nigeria mwaka 2008 kuchunguza vifo vya wajawazito, aliona upasuaji na uzazi ukikwama kwa sababu ya giza. Yeye na mumewe, Hal Aronson, mtaalamu wa nishati ya jua, walitengeneza mtambo mdogo unaoingia ndani ya sanduku la safari: paneli, betri, taa za LED, tundu la kuchajia simu na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Leo masanduku ya aina hiyo yanatumika katika nchi nyingi za Afrika. Funzo kubwa la sanduku lile ni kwamba halikukusudiwa kuendesha kila kitu. Lilichagua vifaa vichache vinavyookoa maisha, likaacha vingine vyote.

Kahama na jua lake

Wilaya ya Kahama ina halmashauri tatu: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Ni eneo la mpunga, pamba, ng'ombe na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko Msalala. Ule wa Buzwagi, jirani na mji, ulifungwa mwaka 2021. Migodi mikubwa hupata umeme wa gridi ya taifa, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo katika vijiji vingi. Hata hivyo kijiji kuwa na umeme si sawa na kila kitongoji kuwa nao, na kambi za wachimbaji wadogo huhama kufuata mwamba kabla nguzo hazijafika. Hata penye gridi, umeme hukatika. Ndiyo maana paneli ndogo bado ina nafasi yake, kama chanzo kikuu au kama akiba.

Kwa bahati njema jua la huku ni karimu. Kwa wastani wa mwaka tunaweza kutegemea angalau saa 5 za jua kamili kwa siku. Neno "jua kamili" lina maana yake ya kitaalamu: mwanga wote wa siku, kuanzia asubuhi hafifu hadi jioni, ukikusanywa unalingana na saa 5 za jua la utosini. Msomaji asichukulie kuwa paneli hufanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 12 kwa sababu tu kumekucha.

Hesabu ya siku moja

Kipimo cha kukumbuka ni wati-saa. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 12 hula wati-saa 120. Hesabu hiyo ya kuzidisha inatosha kuendeshea zahanati.

Tuchukue mtambo wa kawaida: paneli moja ya wati 100 na betri ya risasi na asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi, waya na betri yenyewe hupoteza sehemu. Tukihesabu asilimia 70, tunapata wati-saa 350 kwa siku. Hayo ndiyo mapato. Betri, kwa upande wake, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hii haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Akiba halisi ni wati-saa 600.

Sasa matumizi ya usiku mmoja. Taa ya chumba cha kujifungulia, wati 10, iachwe tayari kwa saa 12: wati-saa 120. Taa ya mapokezi, wati 5, kwa saa 5: 25. Taa ya nje, wati 5, kwa saa 12: 60. Taa ya nyumba ya mtumishi, wati 5, kwa saa 4: 20. Simu janja tatu, kila moja takriban wati-saa 20 pamoja na kinachopotea: 60. Kifaa cha mapigo ya mtoto na taa ya kichwani: 5. Jumla ni wati-saa 290. Mapato ni 350. Mtambo huu mdogo, unaokaa juu ya paa la chumba kimoja, unatosheleza zahanati kwa usiku mzima na kubakiza kidogo.

Taa ya kichwani tuliyoitaja ni ile inayofahamika sana kwa wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita. Kwa mkunga ni kifaa cha thamani kwa sababu ileile iliyoipa thamani ndani ya duara: mwanga hufuata jicho, na mikono hubaki huru.

Usiku wa nne

Zahanati ikishapata mwanga, televisheni hufuata. Televisheni ya wati 40 na king'amuzi cha wati 10, vikiwashwa saa 5 kila jioni, hula wati-saa 250, bila kuhesabu kinachopotea ndani ya inveta. Matumizi yanakuwa 540 na mapato ni yaleyale 350. Kila siku tunakopa wati-saa 190 kutoka kwenye betri.

Siku ya kwanza hakuna anayeona tofauti. Ya pili pia hakuna. Hadi mwisho wa siku ya tatu tumekopa 570 kati ya 600 za akiba. Usiku wa nne akiba inaisha. Ikiwa kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi huita kontrola, kimewekwa kukata mapema ili kulinda betri, taa inazimika. Ikiwa hakikuwekwa hivyo, au ikiwa mtu amekiruka kwa kuunga waya moja kwa moja kwenye betri, taa itaendelea kuwaka usiku huo, lakini betri itakuwa imeanza kufa. Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya betri ya risasi huoza ikiachwa tupu.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba anayekopa hayupo wakati wa kulipa. Waliotazama taarifa ya habari Jumatatu si wale wanaojifungua usiku wa Alhamisi.

Vifaa vinavyokula siku nzima kwa saa moja

Kila kifaa kinachozalisha joto ni adui wa mtambo mdogo. Pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa dakika 20 inamaliza karibu mapato yote ya siku. Jagi la kuchemshia maji lina njaa kubwa kuliko pasi. Kutakasa vyombo kwa mvuke kuendelee kufanyika kwa gesi au jiko jingine lililopo.

Mashine ya kuzalisha oksijeni yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika hutumia takriban wati 350. Saa moja ya mashine hiyo ni sawa na siku nzima ya paneli yetu. Hili lisemwe wazi ili asiwepo mhudumu atakayempokea mgonjwa wa oksijeni akiamini kuwa sola ndogo itamvusha hadi asubuhi. Mgonjwa huyo anahitaji mtungi wa oksijeni na rufaa ya haraka.

Jokofu la chanjo lina sheria yake. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na jokofu la jua hupewa paneli zake peke yake. Kuunga simu au taa kwenye mtambo wa jokofu, mahali ambapo kiwanda hakikuweka tundu kwa ajili hiyo, ni kuhatarisha chanjo za watoto wa kata nzima.

Kutenga badala ya kukataza

Vituo vingi hubandika tangazo: "Ni marufuku kuchaji simu." Tangazo hilo halidumu, na kwa kweli halistahili kudumu. Mtumishi anayeishi mbali na mji anahitaji simu. Ndugu wa mgonjwa naye anaihitaji. Na simu yenyewe ni kifaa cha tiba. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na kuenea mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwezesha kituo kupiga namba 115 bila malipo na kupatiwa usafiri wa dharura wa mama au mtoto mchanga. Simu ya kituo ikizima chaji, namba hiyo haina msaada.

Njia inayodumu ni kutenga. Taa ya chumba cha kujifungulia, taa ya kichwani na simu ya kituo ziwe na paneli na betri zao, ambazo hazina tundu jingine lolote. Mtambo huo unaweza kuwa mdogo sana: mahitaji yake hayafiki wati-saa 150 kwa usiku. Matumizi mengine yote, yakiwemo simu za watumishi, taa za nje na televisheni kama ipo, yawe na mtambo wa pili. Huo wa pili ukiishiwa, watu watakosa taarifa ya habari; mama hatakosa mwanga.

Pale ambapo fedha za mitambo miwili hazipo, fundi aweke angalau njia mbili zenye fyuzi tofauti, na njia ya matumizi ya kawaida iwe na swichi moja kuu. Kamati ya kituo, pamoja na mganga mfawidhi, ikubaliane ni nani anayezima swichi hiyo na saa ngapi. Uamuzi uliofikiwa mchana na watu wote ni rahisi kuutetea kuliko ugomvi wa usiku kati ya muuguzi mmoja na kijana mwenye simu.

Majira ya mvua

Mvua za Kahama huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Siku ya mawingu mazito paneli huweza kutoa theluthi ya kawaida au pungufu, yaani kama wati-saa 120. Hapo hata zahanati isiyo na televisheni, inayotumia 290, itakopa 170 kwa siku na kufikia usiku wa nne ileile.

Dawa yake ni ratiba ya pili, ya siku za mawingu. Taa ya nje iwashwe tu mgonjwa anapofika, na simu ya kituo pekee ndiyo ichajiwe. Matumizi hushuka hadi wati-saa 200 hivi, deni la siku linakuwa 80, na akiba ileile inavusha wiki nzima. Taa ya kujifungulia haikuguswa.

Matunzo pia ni sehemu ya ratiba. Paneli ielekezwe kaskazini na iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Vumbi la Juni hadi Septemba lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema, kabla kioo hakijapata moto. Tawi moja la mwembe likitupa kivuli kwenye kona ya paneli huweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Betri ipimwe ikiwa imepumzika: volti 12.7 ni imejaa, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya hapo ni wakati wa kupunguza matumizi.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mambo haya yanahusu nyumba pia. Koroboi hutoa moshi unaoudhi mapafu ya mtoto mwenye pumu na ya mzee mwenye kikohozi cha muda mrefu. Hupinduka na kuunguza. Na mafuta ya taa yakihifadhiwa katika chupa ya soda, mtoto huyanywa. Ikitokea hivyo, asitapishwe, kwa maana mafuta huingia mapafuni. Apelekwe kituoni mara moja. Paneli ya wati 20 yenye taa mbili na chaji ya simu inatosha kuiondoa koroboi sebuleni.

Mwenye pumu asinunue mashine ya kufukizia dawa kwa kutegemea paneli ndogo. Pampu ya kuvuta pamoja na chombo chake cha kuvutia haihitaji umeme, na ikitumiwa kwa usahihi hufanya kazi vizuri. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye asiingie gharama ya jokofu kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliofanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa aina za insulini walizopima zilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini penye upepo, hupoza vizuri katika hewa kavu ya Shinyanga. Mgonjwa amwulize mhudumu wake kama anaweza kuchukua dawa ya mwezi mmoja mmoja na kuitunza hivyo. Asiigandishe wala kuianika juani.

Betri inapokufa

Katika ukanda wa dhahabu watu wengi wamesikia hatari ya zebaki. Risasi iliyomo ndani ya betri haisikiki sana, na ni sumu ya kiwango hicho. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, uliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Watoto na watu wazima walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza madai ya wakazi na kutunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi uliopelekwa rufaa baadaye.

Risasi hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na kuharibu ubongo wa mtoto unaokua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo betri iliyokufa isipasuliwe uani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima, na risasi isiyeyushwe kwenye jiko la nyumbani ili kupata vipande vya nyavu. Irudishwe nzima kwa muuzaji anayepokea betri za zamani. Mhudumu anapompokea mtoto mwenye upungufu wa damu usioelezeka au anayechelewa kujifunza, aulize pia kama kuna anayefungua betri nyumbani. Asidi ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya safari ya hospitali. Na betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto: chumba chake kiwe na madirisha, na kibatari kisiingizwe humo.

Kituo kinachotaka kuanza kesho hakihitaji kununua kitu. Karatasi moja ibandikwe kando ya kontrola, yenye orodha ya vifaa, wati za kila kimoja, saa zake na jumla, na chini yake volti za betri zilizosomwa kila asubuhi kabla jua halijapanda. Volti zikishuka asubuhi mbili mfululizo, watumishi watakuwa wameonywa kabla usiku wa nne haujafika.